Tulivyomchoresha Mama, na nilivyojifunza kusoma mstari wa penseli

Mimi si mchoraji. Kazi yangu ni masjala: kufungua majalada, kupachika folio, kupeleka jalada kwa mhusika na kulifuatilia likikwama. Niliifanya Dar es Salaam, na serikali ilipohamia Dodoma nikarudi nyumbani na kazi ileile. Nasema mapema ili msomaji ajue haya hayatoki chuo cha sanaa. Yametoka kwenye mchango wa watoto wa mama mmoja, mabishano ya grupu la familia, na michoro miwili ya penseli ambayo hadi leo hatujakubaliana upi ndio mzuri.

Wazo lilikuwa la dada yetu mkubwa. Mama yuko Mvumi, umri umekwenda, na nyumbani kwake hakuna picha yake ya maana. Dada alikuwa ameona mtandaoni michoro ya penseli inayofanana na picha ya kamera mpaka watu wanabishana. Tukachanga. Kijana mmoja wa mjini akatutoza 120,000 kwa karatasi ya A3, fremu mbali, tukamtumia picha niliyompiga mama kwa simu kwenye harusi ya mjukuu wake.

Kazi ilikuja safi. Kila kunyanzi lilikuwepo, ushanga ulikuwepo, hata mng'ao wa miwani ulikuwepo. Dada alilia. Tulipompelekea mama, aliushika mchoro kwa mikono miwili, akausogeza mbali na macho, akaurudisha karibu, akasema, "Mmefanya vizuri wanangu. Sasa huyu amekaa wapi?"

Tulicheka. Lakini swali lile lilinikaa, maana lilikuwa la haki. Kwenye mchoro ule mama hana uzito. Kichwa na mabega vinaelea, na uso una ule mshangao wa mtu aliyeambiwa atabasamu. Tena nilikuwa nimempiga karibu mno. Simu ukiisogeza usoni hukuza pua na kurudisha masikio nyuma, na mchoraji alivinakili vyote kwa uaminifu. Simlaumu. Alipewa picha mbaya, akaichora vizuri.

Muda si mrefu nikamwona kijana mwingine pale Nyerere Square, ambapo mimi husubiri usafiri jioni. Alikuwa anachora watu waliopumzika, bila kuwaambia. Daftari lake la karatasi nyeupe, penseli moja, raba hana. Nikasimama nyuma yake akimchora dereva wa bodaboda aliyelala kwenye benchi. Penseli ilianza kisogoni, ikateremka mgongoni bila kuinuka, ikawa inakandamizwa kadiri ilivyokaribia pale mwili ulipolalia saruji, halafu ikaachia. Mguu mmoja ukapata mstari kuanzia gotini hadi kwenye kandambili. Mguu wa pili haukuguswa kabisa.

"Mguu wake mwingine uko wapi?" nikamuuliza.

"Kwani mzee huuoni?"

Na kweli nilikuwa nauona. Ule mstari wa kwanza ulikuwa umekata mahali ambapo mguu wa pili lazima uwe nyuma yake, na jicho langu lilikuwa limeshaumalizia lenyewe. Nilirudi nyumbani nikiwaza hilo kuliko nilivyowahi kuwaza picha yoyote.

Kilichonisaidia kuelewa ni kazi yangu. Masjala ukikaa miaka unawajua wakubwa kwa miandiko. Dokezo likishuka, kabla hujasoma neno, unaona kalamu imekwaruza au imeteleza, unajua leo kuna hasira au kuna haraka. Mstari wa penseli unasomwa vivyo hivyo. Mahali ulipo unakuambia mtu alikuwa na umbo gani; jinsi ulivyopita inakuambia mchoraji alijua nini, aliona nini kwanza, alisita wapi.

Nikamrudia yule kijana wa Nyerere Square, nikamwomba aje amchore mama. Tulikubaliana 60,000 kwa siku nzima, nauli na chakula juu yangu. Sharti lake lilikuwa moja: bibi asikalishwe kama wa kupiga picha ya pasipoti. Kwa hiyo tulipofika Mvumi tulimkuta mama kivulini kwenye kigoda, ungo magotini, anachagua karanga za mbegu, na kijana akamwomba aendelee na kazi yake. Mama alivumilia kidogo, halafu akauliza, "Mjukuu wangu, mbona unaniangalia kama mtu anayenidai?" Kijana akacheka, akasema, "Shikamoo tena bibi, nakudai hiyo mikono tu." Wakaelewana.

Ndugu zangu wengi hawajui kwamba karatasi za mwanzo huwa si za kuuza. Zile za asubuhi zilikuwa mistari migumu, mkono haujazoea mwili ule. Alizigeuza nyuma akaendelea. Ukimlipa mchoraji kwa karatasi badala ya kwa siku, unamlazimisha akupe hizo za asubuhi.

Nimeangalia sana ule niliouchukua, kwa hiyo nauelezea polepole. Mstari wa mgongo unatoka kisogoni hadi kwenye kigoda kwa pigo moja, mwepesi juu, mweusi chini, na pale nyama inapokutana na mbao kijana amekandamiza mpaka karatasi imebonyea. Ukipitisha kidole kwa nyuma unaisikia. Bega la kushoto halina mstari. Jua lilikuwa linapiga pale kati ya majani, naye akaliacha karatasi tupu, ila bega lipo. Mkono wa kulia ulikuwa na mistari mitatu, mmoja juu ya mwingine, maana mama hakutulia. Alikuwa anapeta na kurudisha. Hakufuta hata mmoja. Ndewe ya sikio, ile iliyotobolewa enzi zao ikanyooka, ni pigo moja la haraka linalomalizikia hewani. Vidole ni kinyume: mstari wa polepole, una mtikisiko mdogo, unapanda kila kifundo na kushuka. Usoni kuna vitu vichache mno. Jicho moja ni weusi tu chini ya paji la uso. Pua ni upande mmoja.

Nikaupiga picha nikautuma kwenye grupu.

"Hii haijaisha." "Bro umepigwa." "Pua ya mama iko wapi?" Mdogo wangu wa mwisho akaweka kile kikatuni cha kucheka machozi. Iliniuma, sikatai. Nilikuwa nimetoa pesa yangu peke yangu safari hii, na sikuwa na maneno ya kujitetea. Hata mama mwenyewe hakunisaidia. Alichosema alipouona ni kwamba ungo wake umechorwa hadi tundu lake, basi.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kwa lazima. Niliubandika ukutani chumbani, nikawa nauangalia asubuhi nikivaa. Yapo mambo niliyoyapata ambayo mtu yeyote anaweza kuyafanya bila kujua kuchora.

Kubwa kuliko yote, usianze na uso. Uso unakuvuta uulize "anafanana?", na ukishauliza hivyo huoni kingine. Anza mahali mwili unapogusa kitu: makalio na kigoda, kisigino na ardhi, kiganja na goti. Mchoraji anayejua anaweka weusi wake hapo, kwa sababu uzito uko hapo. Kwenye mchoro wetu wa kwanza hakukuwa na mahali pa namna hiyo hata pamoja, na ndilo mama aliloliuliza.

Kisha chagua mstari mmoja, uufuate kwa jicho tangu penseli ilipogusa karatasi hadi ilipoinuka. Usiruke. Utaona unanenepa, unakonda, unakatika. Mahali unapokatika jiulize kwa nini: pengine ni mwanga, pengine kuna kiungo kinachopita mbele, pengine mchoraji alichoka. Pale mstari mmoja unapoishia kwenye ubavu wa mwingine ndipo unapojua kipi kiko mbele na kipi nyuma. Kwenye kiwiko cha mama ni makutano kama hayo mawili tu, na mkono mzima unakuja mbele ya tumbo bila kivuli chochote. Mstari wenye unene uleule kuzunguka mwili mzima, kama waya, mara nyingi ni wa kunakili picha juu ya kioo au kwa miraba. Kunakili si dhambi. Ila mstari wa namna hiyo umepita bila kuchagua kitu.

Ile mistari iliyorudiwa usiione uchafu. Ilinichukua muda kuikubali, maana masjala karatasi yenye kufutwafutwa hairuhusiwi. Lakini mstari wa kwanza wa mkono ni mahali mkono ulipokuwa, wa tatu ni mahali ulipofika, na kati yake ndipo karanga zinaporuka.

Jambo jingine: uchukue mchoro dirishani, uulaze ubavu kwa mwanga. Penseli hung'aa palipokandamizwa, na karatasi huonyesha mabonde. Kinachoitwa ncha ya penseli ni kinywe (grafiti), madini yaleyale yanayopatikana Mahenge, Morogoro, kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Mchanganyiko huo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliupatia hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1795, wakati vita ilikuwa imeifungia Ufaransa kinywe cha Uingereza. Udongo ukizidi, ncha ni ngumu na mstari ni wa kijivu mwembamba. Hizo ndizo H. Kinywe kikizidi, ni laini na nyeusi. Hizo ndizo B, na namba ikipanda weusi unapanda. Kijana wetu alitumia 4B moja tu. HB za steshenari, zile za watoto wa shule, haziwezi kutoka kwenye mstari mwembamba kama unywele hadi kwenye weusi wa kigoda kwa kukandamiza tu. Kwa sababu hiyohiyo picha ya simu inaudhulumu mchoro wa mistari: mistari myepesi inapotea, mizito inakuwa weusi mtupu. Grupu letu lilihukumu kitu ambacho halikukiona.

Usiku nikaanza kutafuta michoro ya wengine kwenye tovuti za makumbusho, ambazo nyingi zinakuruhusu kukuza mpaka uone chembe za karatasi. Bando liliniisha sana. Ingres, Mfaransa aliyeishi Roma mwanzoni mwa karne ya 19, alichora wageni kwa penseli ili apate riziki. Nyuso zao amezimaliza kwa utulivu kabisa, lakini makoti na magauni ni mistari michache ya haraka, na huoni ugomvi kati ya viwili hivyo. Nilimwonyesha dada huyo. Alinyamaza, ambayo kwake ni hatua. Egon Schiele wa Austria, aliyekufa kwa mafua makali ya mwaka 1918 akiwa na miaka 28, ana mstari wenye pembe na mifupa. Watu wake sitaki kuwaweka sebuleni, lakini magoti yake nayaamini. Na yuko mama mmoja wa Ujerumani, Käthe Kollwitz, ambaye mwanawe Peter aliuawa vitani mwaka 1914. Mwaka 1933 alijichora kwa mkaa akiwa anachora. Uso umetulia, mkono ulioshika mkaa umetulia, na kati yake, mahali pa mkono wote, kuna mkwaruzo mpana wa kwenda na kurudi, umepigwa kwa nguvu. Si umbo la mkono, ni nguvu yake. Baada ya huo sikuwa na shida tena na ile mistari mitatu ya mama.

Nisiwe mtu wa kusifia ya mbali. Kutoka Dodoma ukishika lami ya Babati, ukaipita Kondoa mjini, unafika Kolo. Nilikuwa nimepita hapo maisha yangu yote bila kushuka. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili mwaka 1951. Unaandikishwa ofisini Kolo, unapewa mtu wa kukuongoza, halafu unapanda kwa miguu. Vaeni viatu, si makobazi, na bebeni maji. Hakuna penseli pale, ni rangi nyekundu ya mawe yenye chuma. Lakini simama mbele ya wale watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa. Baadhi yao miili yao imejengwa kwa mistari mingi myembamba inayokwenda pamoja kutoka begani hadi mguuni, na mguu unakonda hadi unaishia pasipo unyayo. Yule aliyechora hakukosa nafasi ya unyayo. Hakuuhitaji. Kuna mahali michoro myeupe ya baadaye imepakwa juu ya myekundu, minene, mizito, na tofauti ya mikono unaiona hata bila kuelezwa. Muongozaji wangu alikuwa na haraka ya kunionyesha twiga na tembo. Nilimwomba aniache kwenye watu.

Sasa ya fundi fremu, maana yalinigharimu. Nilipeleka mchoro kwa fundi mmoja mjini, 45,000, nikaacha, nikaenda kazini. Jioni ananikabidhi kwa furaha: "Nimekusafishia, mzee." Alikuwa ameona ile mistari ya mkono akadhani kijana alikosea, akachukua raba akafuta mmoja. Alikuwa na nia njema kabisa. Mfereji wa penseli umebaki kwenye karatasi, ukiulaza kwenye mwanga unauona, lakini weusi umeondoka. Tena alikuwa amebana kioo moja kwa moja juu ya karatasi, na tulipofungua, weusi wa kigoda ulikuwa umehamia kwenye kioo. Nilimlipa nusu, tukaagana vibaya.

Kwa hiyo: mwambie fundi kwa mdomo na kwa maandishi asiguse karatasi na raba. Mwambie akate kadibodi yenye dirisha katikati, ikae kati ya mchoro na kioo ili visigusane. Nyuma asitumie selotepu juu ya karatasi yenyewe. Watakaokushauri uipige leminesheni wakatalie. Ule moto na gundi havirudi nyuma. Hairspray watu wanatumia ili penseli isitoke, lakini hubadilisha rangi ya karatasi. Mchoraji mwenye dawa yake maalumu aipulize mwenyewe, kidogo. Penseli haipauki kwa jua, karatasi ndiyo inayogeuka njano, hasa hizi za bei rahisi. Na kwa vumbi letu la Dodoma la mwezi wa nane, ziba nyuma ya fremu. Mchwa nao mnawajua, usiiegemeze sakafuni.

Ule wa kwanza uko kwa dada, sebuleni, na wageni wanausifia. Sijawahi kumwambia autoe. Anasema siku mama akiondoka, huo ndio utakaomkumbusha sura, na mimi sina jibu la kumpinga kwa hilo. Sura uliyoizoea ni kitu. Mimi wangu unanionyesha alivyokuwa anapeta. Mdogo wetu wa mwisho, yule wa kikatuni, aliniomba mwezi uliopita zile karatasi za asubuhi alizozikataa kijana. Sikuwa nazo. Hatukuwa tumekubaliana habari za karatasi zilizokataliwa, kijana akaondoka nazo, na alipoulizwa alisema alishazigeuza akachorea upande wa pili.

Hilo ndilo ningeliandika kwanza kwenye makubaliano: karatasi zote za siku hiyo zibaki kwenu, hata zenye mstari mmoja. Mwambieni pia awahi, jua la saa mbili hadi saa nne linapita ubavuni na linampa mchoraji mahali pa kuachia mstari. Saa sita kila kitu ni bapa. Mzee apewe kazi ya mikono anayoipenda. Na jiandaeni kwa pesa zaidi ya yangu: kijana wetu sasa anachukua 100,000 kwa siku, nauli mbali, na Jumapili haji.